Binti Yangu Ananifundisha Kulinda Mlango, Hajui Kama Ni Mimi

Mpendwa Mshauri,

Naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana nimejiingiza mahali ambapo sijui nitatokaje, na mtu wa kumweleza sina, wenzangu kazini wakinisikia watacheka mpaka wakae chini, na dada yangu atasema tu kwamba mtu mzima hovyo, kisha atawapigia simu ndugu wote.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nakata vioo vya miwani katika chumba cha nyuma ya duka, mashine moja, kiti kimoja, dirisha linalotazama ukuta, mwaka wa ishirini na tisa huu. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Mtoto ninaye mmoja tu, binti, alipata kazi mji mwingine kwenye maabara ya kupima maji, akaondoka, nami nikabaki na nyumba. Tulikuwa tunapigiana simu lakini simu zetu zilikuwa za umekula, nimekula, mgongo vipi, mgongo uko vilevile, haya mama, siku njema, dakika tatu zimekwisha, nikishaiweka simu ndipo nakumbuka yote niliyotaka kusema.

Siku moja akaniambia, "Mama, kwa nini usicheze na sisi?" Akanitumia kompyuta yake ya zamani na hedifoni. Gemu yenyewe ni hiyo ya kufyatuliana risasi, watu watano kwa watano, unaona kana kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyeshika bunduki, upande mmoja unataka kutega bomu na mwingine unazuia, ukipigwa umekufa na unakaa kutazama mpaka raundi nyingine ianze. Mimi huyu ambaye hata panya namfungulia mlango atoke. Lakini Mshauri, kila Jumamosi alasiri nilikuwa namsikia mwanangu kwa muda wa saa tatu, akicheka, akikohoa, akiwafokea wenzake, nasikia hata kiti chake kikilia, nikawa naona ni kama yuko chumba cha pili.

Shida ni kwamba nilikuwa mzigo. Naambiwa, "Mama, wewe linda mlango wa nyuma," nasema sawa mwanangu, lakini nikisikia tu risasi upande aliko yeye, miguu inaondoka yenyewe, nakimbia kumwokoa, nikifika nakuta ama ameshawamaliza ama ameshakufa, na huku maadui wamepita pale mlangoni nilipopaacha wazi wakatupiga wote migongoni, kila wiki hivyohivyo. Nikadhani tatizo ni shabaha. Basi kila nikitoka kazini nakaa kufyatulia sanamu za mazoezi mpaka kiuno kinakufa ganzi, na shabaha ikaja kweli, mkono wangu umezoea kazi ya nusu milimita, lakini tukaendelea kushindwa. Mwisho akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, Jumamosi hii pumzika kidogo, kuna mtu tunamjaribu." Jumamosi hiyo imekuwa miezi mitano sasa. Na simu nazo zikapungua, mara moja kwa wiki, mara moja kwa mwezi, halafu kimya.

Sasa ndipo penye aibu yangu. Nilifungua akaunti nyingine. Nikiwa natafuta jina, jicho likaangukia mlango wa kabati la jikoni, unaning'inia kwa bawaba moja tangu aliyekuwa akiutengeneza afariki, nikaandika Bawaba. Nikaona tangazo la timu yao kwamba yule waliyekuwa wanamjaribu amewakimbia, nikaomba nafasi, nikaandika kwamba maiki yangu ni mbovu kwa hiyo nitakuwa nasikiliza na kuandika tu. Mwanangu akanipokea. Akasema, "Karibu, kaka."

Mshauri, huyu mtoto ni mwalimu. Alimwambia mgeni mambo ambayo mama yake hakuwahi kuambiwa. Wiki ya kwanza tu akaniuliza, "Kaka Bawaba, nilikutuma wapi?" Nikaandika, mlango wa nyuma. "Na umefia wapi?" Nikaandika, karibu na wewe. Akasema, "Sasa mimi nilikuita? Shabaha unayo, tena kuliko sisi wote. Kukaa ndiko huwezi." Akaniagiza nitazame marudio ya mechi zangu, na kila nilipokufa niandike nilitakiwa niwe wapi na nilikuwa wapi. Niliandika kwenye daftari langu la vipimo vya miwani. Nilikufa mara arobaini na moja, na katika hizo, mara thelathini na tatu sikuwa mahali nilipowekwa.

Basi nikajifunza kukaa. Nikajifunza kusikiliza hatua za miguu na kujua ni mtu mmoja au watatu, kutopiga risasi wakati hawajaniona, kurudi nyuma nikiwa hai badala ya kufa kishujaa, na nikiona watu nitoe taarifa ya mambo matatu tu, wangapi, wako wapi, wanaelekea wapi, kisha ninyamaze. Tukaanza kushinda. Siku hizi wenyewe wanaambiana, "Nyuma yupo Bawaba, msiwe na wasiwasi," na mimi nikisikia hivyo nakaa na tabasamu peke yangu sebuleni.

Wiki tatu zilizopita wengine walitoka tukabaki yeye na mimi, yeye anaongea, mimi naandika. Akasema, "Unajua, nilikuwa nacheza na mama yangu. Nikamtoa. Sikujua nimwambieje. Mtu unamwambiaje mama yako asije kukuokoa? Sasa kila nikishika simu nimpigie naona haya, naiweka tena." Nililia mpaka sioni herufi. Nikaandika, pole. Hilo tu, neno moja. Tangu siku hiyo amekuwa mpole zaidi kwangu, hata neno kaka ameliacha, ananiita Bawaba tu, na Jumamosi iliyopita kabla hatujaanza akaniuliza, "Mgongo unaendeleaje leo?" Nikaandika, nafuu. Wiki nzima nilikata vioo kwa furaha kwamba yupo mtu duniani anayeniuliza habari za mgongo.

Sasa kuna mashindano hiyo Jumamosi ya wiki ijayo, na mwanangu ametangaza kwamba kila mtu lazima awe na maiki, kuandika kunachelewesha. Kanigeukia mimi: "Bawaba, nakutaka wewe mlangoni. Lakini nataka nisikie sauti yako, la sivyo nitafute mwingine." Nikifungua mdomo atanijua. Nisipofungua, nitatolewa mara ya pili na mtoto yuleyule. Nimejaribu kuongea kwa sauti nzito jikoni, nikajichekea mwenyewe halafu nikalia. Nyumba hii, Mshauri, ukizima kompyuta unasikia friji. Nifanyeje, nitoweke tu, au?

Ni mimi,
Fundi wa Vioo

*

Fundi wa Vioo,

Nianze na la kukugombeza, ili tulimalize. Kuingia kwenye timu kwa jina la bandia si kosa la kukunyima usingizi. Kosa ni ile siku mlipobaki wawili. Mtoto alikuwa anamweleza mtu baki jambo linalomuuma, na wewe ndiye uliyekuwa jambo lenyewe, ukasikiliza mpaka mwisho, ukaandika pole, ukaondoka na siri yake mfukoni. Wiki tatu umekaa nayo. Wewe mama, hapo hukutenda haki, na unajua, ndiyo maana umeandika barua ndefu namna hii.

Hayo yamekwisha. Sasa pole, na hii yangu ina maneno zaidi ya moja. Nyumba ya mtu mmoja naijua. Kikombe ulichokiacha mezani asubuhi unakikuta palepale jioni, hakuna aliyekigusa wala kukulalamikia. Mtu akiishi hivyo miaka sita, akisikia kiti cha mwanawe kikilia kwenye hedifoni, atafanya mengi ili asikikose. Sikushangai hata kidogo.

Mambo ya gemu siyajui, kwa hiyo nilimsomea barua yako msanifu wa ukurasa huu, ambaye huko ndiko anakozeekea. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza. Akasema, "Huyo mama amepata mwalimu. Watu wanakesha wakifanya mazoezi ya shabaha miaka na miaka, kumbe kinachowaua ni miguu." Akasema hilo daftari la vifo usiliache, ila sasa ongeza safu ya tatu, kitu ulichosikia kabla ya kufa, maana anasema mara nyingi sikio huwa limeshajua na mtu kalipuuza. Na akasema mtu anayekubali kukaa mlangoni raundi nzima bila kupiga hata risasi moja, timu humtafuta kwa tochi. Kwa hiyo kuhusu mchezo usijidharau tena. Umeiva.

Mimi kazi yangu ni kusoma barua mara mbili, na mara ya pili nimekwama mahali. Bawaba ana maiki mbovu. Bawaba anaandika maneno machache. Hebu niambie, Bawaba alimwambia lini huyo binti kwamba anaumwa mgongo?

Rudi ukasome yote uliyomwandikia huko. Ukikuta ulimtajia, basi nimekosea, nisamehe. Na hata kama hukumtajia, huenda alibahatisha tu, msanifu wetu mwenyewe anatembea amepinda, anasema wachezaji wote wako hivyo. Lakini mimi naona mtoto aliyezoea kumuuliza mama yake habari za mgongo kila akipiga simu. Naona mtoto aliyeacha kusema kaka mara tu baada ya kuandikiwa pole. Kisha naona mtoto huyo, kati ya watu wanne, anamgeukia mmoja na kumwambia nataka nisikie sauti yako. Wewe umesikia tishio la kufukuzwa. Soma tena taratibu.

Kama ninachokiona ndicho, basi mko wawili, kila mmoja amejibanza nyuma ya ukuta wake, kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi, na hakuna anayetoka. Mmoja atoke. Atoke mkubwa.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Sauti nzito achana nayo. Na usije ukafungua maiki siku ya mashindano mbele ya wenzake ili ashtuke, mtoto hafanyiwi hivyo hadharani. Kutoweka ndiyo kabisa usifanye, atabaki akijua ameachwa na wawili, mama na Bawaba. Chukua simu leo ukitoka kazini. Simu ya kuongea, ujumbe wa kuandika hapana, kuandika umeandika vya kutosha. Usianze na umekula, maana salamu zenu ndizo zinazokula dakika zenu tatu. Anza na ukweli kwamba Bawaba ni wewe, kisha umwombe radhi kwa ile jioni uliyosikiliza. Kwa kucheza usiombe radhi.

Nafasi kwenye mashindano usiitaje. Akikutaka atasema mwenyewe. Akikasirika mwache akasirike, na akikata simu usimpigie mara tano mfululizo. Hapa ndipo nakujua udhaifu wako, risasi zikilia upande wake miguu inaondoka. Safari hii kaa. Na ikitokea akasema hawezi kucheza nawe tena, mchukue Bawaba wako umpeleke kwa timu nyingine, hizo alasiri ni zako pia, hazikuwa zake peke yake. Halafu ule mlango wa kabati utengeneze wiki hii hii. Mtu anayekata kioo kwa nusu milimita hawezi kushindwa na skrubu mbili, na miaka sita ya kuutazama ukining'inia inatosha.

Najua simu ikipokewa maneno yatakukimbia. Yakikimbia, usiyatafute mbali, toa taarifa kama mwanao alivyokufundisha, wangapi, wako wapi, wanaelekea wapi, kisha unyamaze umsikilize. Mwambie ni mmoja. Yuko jikoni, peke yake. Haendi popote.

Mshauri wako