Mchanga Mkavu

Japan, 9 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe, Baba. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanitafuna masikio. Wewe je? Kifua kimepoa? Nimeandika kwa kalamu kama ulivyotaka, nikapiga picha na kukutumia kwa simu. Hutasema tena kwamba meseji zangu ni za kudonoadonoa kama kuku.

Umeniuliza nasomea nini hasa, kwa sababu watu wa Matisi wakikuuliza unawajibu "vyuma". Si vyuma, Baba. Ni magnesiamu, metali nyepesi kuliko hata alumini unayosubia sufuria zako. Ubaya wake, ikiwa peke yake ni dhaifu. Ndani imepangika tabaka juu ya tabaka, na ukiisukuma tabaka zinateleza. Sisi tunaichanganya na madini adimu kidogo, kama itriamu. Chembe zake ni kubwa, zinakwama kati ya tabaka na kuzuia kuteleza. Punje za ndani nazo zinakuwa ndogo. Unakumbuka ulivyokuwa ukivunja kipande cha kila mkuo mpya wa alumini iliyoganda na kunionyesha palipovunjika? "Ikiwa kama chenga za mahindi, tupa. Ikiwa kama unga uliosagwa mara mbili, subu." Profesa wangu ana darubini ya bei ya kutisha na bado anasema yale yale.

Kuna jambo lingine. Magnesiamu ya kawaida ikiyeyuka hushika moto. Hii yetu hujifunika ngozi, kama maziwa yaliyochemka, na hewa haipenyi upesi. Ndiyo sababu niliichagua.

Nilimpigia Mama Jumapili. Yuko salama huko Matulo. Hakukutaja.

Mwanao,
Nabwile

Matisi, Kitale, 23 Februari 2025

Kwa binti yangu Nabwile,

Mulembe sana. Kifua ni cha mzee, kinakohoa kikipenda. Masikio yalishastaafu. Jana Jepkorir wa duka la mboga alinisalimu mara tatu, ya nne akanirushia kitunguu. Nilikidaka, nikaenda nacho nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umeandika kwamba hiyo kitu "ikiyeyuka hushika moto", kisha ukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Mimi ni kiziwi, si mjinga. Niambie. Moto uliomchukua kaka yako Derrick ulikuwa huo?

Nimeyeyusha alumini tangu kabla hujazaliwa, na haijawahi kuwaka nyeupe vile. Watu walisema ni mkosi. Wengine walisema nimekosea wazee. Kipande kimoja cha ile giaboksi ya skrapu tuliyokuwa tukiyeyusha hakikuingia tanurini siku hiyo. Nilikiweka kwenye mkebe chini ya kitanda, miaka tisa sasa, sijui nakilinda au kinanilinda.

Baba yako,
Walubengo

Japan, 2 Machi 2025

Baba,

Mulembe. Natumai hujambo. Asante kwa kuuliza, maana mimi nilishindwa kuanza.

Kichukue kile kipande, ukikwaruze kwa tupa mpaka king'ae, kisha udondoshee siki. Alumini itanyamaza. Magnesiamu itatoa povu palepale. Fanyia nje, mbali na makaa, na vumbi la tupa usilichezee.

Mwanao,
Nabwile

Matisi, 27 Aprili 2025

Nabwile mwanangu,

Salamu. Sijaugua, usiogope. Siki niliinunua siku ile ile barua yako ilipofika. Ikakaa dirishani wiki saba. Kila asubuhi naiona, nachukua nyundo na kwenda kazini.

Jana nilijitia moyo. Nilidondosha tone moja tu. Ilitoa povu kama sabuni. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, nikalia, kisha nikafurahi, kisha nikaona aibu kufurahi. Hakuna mkosi. Hakuna mzee niliyemkosea. Ni metali tu, niliyoinunua kwa kilo pamoja na nyingine bila kujua.

Sasa niambie la mwisho. Maji yaliyomwagwa kwenye moto ule yalifanya nini?

Baba yako,
Walubengo

Japan, 4 Mei 2025

Baba,

Mulembe. Nimekunywa chai vikombe vitatu kabla ya kuandika hii.

Magnesiamu inayowaka huyapasua maji. Inachukua hewa iliyomo ndani yake, na inayobaki ni gesi inayolipuka. Moto tuliouzoea tunauzima kwa maji, huu maji ni chakula chake. Ungefunikwa kwa mchanga mkavu, mwingi, watu wakakaa mbali.

Siku ya kunyoa nywele, baada ya mazishi, ukoo ulipokaa kuuliza kifo kilivyotokea, ulisimama ukasema, "Mimi ndiye niliyemwaga maji." Watu wakainamisha vichwa. Wiki hiyo Mama akafungasha na kurudi kwao Matulo.

Baba, mimi ndiye niliyemwaga. Wewe ulikuwa upande wa mivukuto, Derrick ameshika koleo. Nilimwaga ndoo ya kwanza, nikageuka kukimbilia ya pili, ndiyo maana niko hai. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nikakuacha uubebe mzigo wangu, na Mama akakuacha kwa kosa langu. Nimechoka. Niruhusu nimwambie.

Mwanao,
Nabwile

Matisi, 11 Mei 2025

Mwanangu,

Usimwambie.

Nani alipiga kelele "Leteni maji"? Ni mimi. Mkono ulikuwa wako, amri ilikuwa yangu. Wewe ulikuwa mtoto mtiifu. Mama yako amebaki na mtoto mmoja, na sitaki akuangalie halafu aone ndoo. Mimi upweke nimeuzoea. Maliza masomo yako.

Baba yako

Japan, 18 Mei 2025

Baba,

Salamu. Mkuo wangu wa mwisho umevutwa kwenye mashine ya kupima nguvu. Umestahimili kuliko yote ya kundi letu, na pale ulipokatika punje ni unga mtupu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilienda chooni kulia.

Sikukuomba unilinde tena. Nakupa mpaka mwisho wa Juni umpelekee Mama barua yangu ya tarehe nne Mei. Usipompelekea, nitamwandikia mwenyewe.

Nabwile

Matisi, 6 Julai 2025

Kwa binti yetu Nabwile,

Mulembe. Sote ni wazima. Pole kwa kukuweka roho juu.

Tarehe thelathini Juni nilivaa koti nikaenda Matulo, nimeiandika upya barua yako kwenye daftari ili isomeke. Mama yako alikuwa anapukuchua mahindi. Aliisoma yote bila kuacha kupukuchua. Kisha akaniandikia nyuma yake, maana anajua sisikii. Nanakili alivyoandika:

"Baba Derrick, kwani mimi ni mjinga? Si ni mimi nilifua nguo za huyu mtoto ile siku? Gauni ilikuwa imelowa yote, inanuka moshi. Shati yako ilikuwa kavu. Nilijua kabla hata tuzike. Sikuondoka juu ya maji. Niliondoka juu ya vile ulisimama mbele ya watu ukanidanganya, ati nikijua nitachukia mtoto wangu. Nikangoja uje uniambie ukweli. Miaka tisa, bana!"

Nilikaa chini nikapukuchua naye mpaka gunia likajaa. Halafu nikarudi Kitale peke yangu, na nilidhani yameishia hapo.

Alhamisi amekuja Matisi. Ameleta magunia mawili ya mchanga wa mto Nzoia, ameuanika kwenye turubai siku mbili na kuuchekecha kwa chekecheke yake ya unga. Ameyaweka kando ya tanuri, akamwaga maji ya pipa langu lote nje ya mlango na kuligeuza pipa kiti. Nilipotaka kusema kitu aliniwekea kiganja mdomoni.

Sijamuuliza kama amekuja kukaa. Begi lake limefunguliwa, lakini nguo bado zimo ndani.

Kukuhusu wewe amesema umwandikie, na usianze na pole. Ukiandika, tumia herufi kubwa. Siku hizi barua inasomwa na watu wawili, na mmoja amesahau miwani yake Matulo.

Baba yako,
Walubengo