Bawa la Kushoto

Buyenzi, Bujumbura
16 Oktoba 2024

Kwa ndugu yangu Xavier,

Salamu nyingi zikufikie huko Rumonge, wewe na mkeo Caritas na wote wa nyumbani. Natumaini mgongo wako umetulia na kwamba michikichi imezaa vizuri mwaka huu. Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe, ila goti la mke wangu Mwantum linamsumbua kila mvua zikikaribia, na sukari yangu inapanda na kushuka kama ndege iliyo mikononi mwa mwanafunzi. Mafuta ya gari bado ni shida. Wengi wetu tumejifunza upya kutembea kwa miguu, na mke wangu anasema hiyo ndiyo dawa ya sukari ambayo daktari aliniandikia nikaikataa.

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki kukuficha. Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana, kwa kuwa kila mstari ulikuwa na tusi, na mtu wa miaka sitini na saba hapaswi kuandika hivyo. Safari hii nitaeleza mambo kwa mpangilio. Nivumilie nikirudia hata yale unayoyajua kuliko mimi. Nimefundisha vijana kwa miaka mingi, na mkono haujui tena kuandika bila kufundisha.

Jambo lenyewe linamhusu Mukecuru. Ndiyo, ile ndege yetu ya injini mbili uliyoirusha miaka kumi na moja, na sisi mafundi wa hanga tukaipa jina la bibi kizee kwa sababu ilitengenezwa mwaka 1974. Baada ya wewe kuondoka iliendelea na safari zake za Kigoma na Kalemie, abiria wanane na mizigo ya dawa. Mwezi uliopita ilifikia muda wake wa ukaguzi wa lazima wa mabawa.

Unajua jinsi ukaguzi huo ulivyo. Ndani ya kila bawa kuna mhimili mmoja, tunaouita longeron, na huo ndio unaobeba uzito wote. Kila ndege inapopaa bawa hujipinda kwenda juu, na kila inapotua hurudi chini. Chukua waya, upinde na kuunyoosha, upinde na kuunyoosha: siku moja utakatika, hata kama hukutumia nguvu. Mhimili nao ni hivyo, tofauti ni kwamba unachukua miaka mingi. Ndiyo maana kiwanda kilitoa agizo kwamba ndege za umri huu zifunguliwe mabawa kila mwaka, mhimili uangaliwe, na ukionekana una ufa, hata mwembamba kama unywele, ndege isipae tena mpaka mhimili ubadilishwe. Maagizo ya namna hii hayaandikwi na watu waliokosa kazi. Yanaandikwa kwa sababu mahali fulani bawa lilikatika na watu wakafa.

Kazi hiyo alipewa Benite, fundi aliyekuja kwetu mwishoni mwa mwaka jana, mama mmoja wa Carama anayekuja kazini kwa baiskeli na asiyependa maneno mengi. Alifungua kifuniko cha chini ya bawa la kushoto, akasafisha mhimili, akaupaka ile dawa nyekundu, akasubiri, akaifuta, kisha akapulizia unga mweupe. Dawa ikiwa imeingia mahali, unga huivuta nje. Kisha akaniita. Nilipoinama na tochi yangu niliona mstari mwekundu juu ya weupe ule, urefu wa kidole changu cha mwisho, umeanzia kwenye tundu la ribiti na kushuka. Benite alisema kwa sauti ya chini: "Papa Hamimu, hii kitu si ya leo. Angalia namna iko nyeusi ndani." Ni kweli. Kabla ya kupaka dawa alikuwa amefuta hapo unga mweusi, ule unaotoka pale chuma kinaposuguana na chuma kwa muda mrefu. Ufa ule ulikuwa na miaka.

Nilimfunga Mukecuru kitambaa chekundu cha kuzuia kupaa siku hiyohiyo, nikaenda kumwambia Maxime, mwenye kampuni. Yeye ni yuleyule, nyumba ya Kinindo kwenye mtaa wa matajiri, miwani juu ya kichwa, kila mtu ni "mon frère", ndugu yangu. Alinisikiliza akicheka. Akasema ndege ya miaka hamsini itakosaje mkunjo, hata mimi uso wangu umejaa mikunjo na bado natembea. Nilimjibu kwamba uso wangu haubebi abiria. Akasema basi tutoboe kitundu mwisho wa ufa ili usiendelee, tuandike kwamba tunaufuatilia, na ndege ifanye safari zake mpaka Desemba. Nikamweleza kwamba kitundu kinafaa kwenye bati la mlango, si kwenye mhimili, na kwamba agizo halina neno "kufuatilia". Akauliza kwani agizo hilo limeandikwa na Mungu? Hebu fikiri, Xavier. Watu wanane na rubani, juu ya ziwa, na mtu anafanya mzaha.

Lakini hilo silo lililonifanya nichane karatasi. Alipoona sitii sahihi, alibadilisha njia. Siku mbili baadaye aliniita tena, amekuwa mpole, amenitolea Fanta ingawa anajua sukari yangu. Akasema amefikiri, kweli ndege isimame, usalama kwanza. Ila ripoti ya kupeleka kwenye ofisi ya usafiri wa anga lazima ieleze chanzo. Na chanzo, alisema, kinajulikana: ni Xavier alipoigonga chini kule Kalemie mwaka 2021, akavunja bawa, akanyamaza. Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Akasema tena, bila aibu yoyote, kwamba wewe sasa uko Rumonge unauza mawese, kitakuumiza nini?

Hapo ndipo nilipopandisha sauti mpaka mtumishi wake akachungulia mlangoni. Wewe ulinyamaza? Wewe? Ndiwe uliyetua siku ile, upepo umekusukuma, gurudumu la kushoto likapiga chini kwa nguvu, na ulipofika Bujumbura hukuenda hata kunywa maji kabla ya kuandika kwenye daftari la ndege. Nakumbuka maneno yako: "Kutua kwa nguvu Kalemie. Bawa la kushoto linalia wakati wa kupaa. Naomba likaguliwe." Tulipokujibu kwamba limekaguliwa ni zima, ulipaa nalo mara moja, ukarudi, ukaweka funguo mezani ukasema hurushi tena ndege inayolia. Na huyuhuyu Maxime ndiye aliyekuandikia barua ya kukufukuza kwa "woga usio na sababu za kiufundi", akaisambaza kwa kila kampuni, mpaka hakuna aliyekupa hata ndege ya kufagia. Kule Ngagara wakakuita rubani wa miguu. Vijana wakipita mbele ya nyumba yako wananyoosha mikono kama mabawa na kukimbia wakipiga kelele. Uliondoka mjini kwa ajili ya hayo. Sasa mtu huyohuyo aliyekufukuza kwa kusema kuna ubovu anataka kukushtaki kwa kuuficha.

Nilimwambia daftari lipo na maneno yako yapo. Akatabasamu. Akasema ni kweli yapo, na chini yake kuna maneno mengine, nikayasome kwanza ndipo nije kupiga kelele. Nilitoka kwake nikitembea, kutoka Kinindo hadi Buyenzi, na njia nzima nilikuwa namtukana yeye. Nilipofika nyumbani sikuwa na mtu mwingine wa kumtukana ila mimi.

Maana chini ya maneno yako yameandikwa haya: "Mhimili wa bawa la kushoto umekaguliwa. Hakuna ufa." Sahihi ya kwanza ni ya Mzee Moïse, aliyefanya kazi. Ya pili ni yangu, mkaguzi, na muhuri wangu juu yake. Wewe unajua nusu ya siku ile, Xavier. Nusu nyingine ninayo mimi, na sasa nakupa.

Sheria yetu ni macho ya watu wawili tofauti. Fundi anafungua na kuangalia, kisha kabla kifuniko hakijarudishwa mkaguzi naye anaingiza kichwa na tochi na kioo, anaangalia kwa macho yake, ndipo anatia sahihi. Siku ile nilipofika hanga Mzee Moïse alikuwa ameshafunga. Skrubu zote zilikuwa zimerudi, na juu ya kila moja amepaka ule mstari wake wa rangi ya kijani, kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye bati, ili ikilegea ionekane. Mafundi wengine hutumia nyekundu. Kijani ilikuwa yake peke yake. Wewe mwenyewe uliwahi kusema ukiona kijani unapanda bila kuuliza. Sote alitufundisha yeye, mimi nikiwa wa kwanza, na katika hanga lile hakuna aliyewahi kuvunja mstari wake. Kuuvunja mbele ya vijana kungekuwa sawa na kumwambia mwalimu wangu kwamba ni mwongo. Alinitazama akisubiri. Nikatoa kalamu.

Mwaka uliofuata, 2022, ukaguzi ulipofika, alinionyesha mistari ile na kusema haijapasuka, hakuna kilichosogea, tufungue nini? Nikatia sahihi. Sasa ona ujinga wetu, nami ndiye niliyesoma zaidi: mstari wa rangi unakuambia kwamba skrubu haijazunguka, haukuambii lolote kuhusu kilicho ndani. Kijana wa mwezi mmoja kazini angenijibu hivyo. Mwaka jana mwezi wa sita tulimzika Mzee Moïse, na ukaguzi ulipofika mwezi wa nane mafundi walisema ile mistari iachwe, ni ukumbusho wake. Nami nikatia sahihi mara ya tatu, machozi yakinilenga, nikijiona mtu mwenye adabu. Benite aliivunja mwezi uliopita kwa sababu hakumjua marehemu. Alikuwa na agizo mkononi na bisibisi, basi.

Ningeweza kuishia hapo, ukaniona mzee aliyeheshimu kupita kiasi, ukanisamehe. Lakini kuna jambo moja limebaki, nalo halijui hata Mwantum. Miezi miwili kabla ya safari yako ya Kalemie, mimi ndiye niliyempeleka Mzee Moïse kwa daktari wa macho, kwa gari langu. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba asifanye kazi ya vitu vidogo mpaka apasuliwe. Njiani aliniomba nisimwambie mtu, kwa sababu Maxime angemtoa kazini siku hiyohiyo. Nikamwahidi. Kwa hiyo aliposema hakuna ufa hakudanganya. Aliangalia, hakuona, akaandika alichokiona. Mwongo ni mimi. Nilijua kwamba macho yaliyoangalia mhimili ule hayaoni, na nikaandika kwamba macho ya watu wawili yameangalia, na kwa sahihi ile wakakufukuza. Ulipoweka funguo mezani nilikuwa nimesimama mita tatu kutoka kwako. Ulinigeukia ukaniuliza kama kweli nimeona ndani. Nikasema ndiyo.

Kama ufa ulitokana na kile kishindo cha Kalemie au na umri tu, hakuna anayeweza kuthibitisha, nami sitajifanya najua. Kinachothibitika ni kwamba uliona, ukaandika, ukaomba, ukakataa. Sisi ndio tuliokataa kuangalia.

Jana nilichukua daftari nikaenda nalo ofisi ya usafiri wa anga, Benite akinisindikiza na picha zake. Nilieleza yote mbele ya watu watatu, wakaandika, nikasoma, nikatia sahihi. Muhuri wangu niliuacha juu ya meza yao. Wameizuia ndege, wamemwita Maxime, nami nitaitwa tena, huenda na mahakamani. Wameniambia barua ya kufukuzwa kwako haiwezi kusimama juu ya ukaguzi usiofanyika, na kwamba ukija mwenyewe wataanza kulishughulikia faili la leseni yako ya urubani. Nakala ya maelezo yangu nimeiambatisha, kurasa nne. Maxime amenipigia simu na kunitukana matusi ambayo sikujua mtu wa Kinindo anayajua. Akauliza nimefaidika nini. Nikakata simu, kwa sababu hasira yangu kwake, ingawa ni ya haki, nimeitumia miaka mitatu kujificha nyuma yake.

Kabla ya kwenda ofisini nilikwenda hanga. Bawa la kulia nalo lilikuwa na mistari ya kijani. Niliivunja mwenyewe, mmoja mmoja, vijana wote wakitazama. Tulisafisha, tukapaka, tukasubiri. Upande huo ni mzima.

Ukija Bujumbura usipite kwanza kwangu. Nenda ofisini, dai chako, ndipo uamue kama kuna sababu ya kufika Buyenzi. Siombi msamaha kwa barua, kwa sababu kosa sikulifanya kwa barua. Nitauomba nimesimama, ukiniruhusu.

Mwantum anawasalimu sana, na leo nitamsomea haya kabla sijayatuma. Wasalimie majirani na wale wavuvi wako wanaokukopa kila mwezi. Salamu za kumfikia Caritas nazo zimo humu, maana naye alichekwa sokoni akiitwa mke wa rubani wa miguu, nami nilikuwa nikinunua vitunguu meza ya pili, nikisikia yote. Ila usimpe salamu hizo kabla hajasoma barua yote. Akishasoma, yeye mwenyewe ataamua kama anazipokea.

Ni mimi,
Hamimu