Karatasi ya Kusoma Baada ya Misa

Jumamosi, saa kumi jioni. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba tangu asubuhi na haujaondoka. Nimevaa koti ndani ya nyumba, na bado vidole vina baridi.

Mbele yangu ipo karatasi ambayo natakiwa kuisoma kesho kanisani.

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Nilipostaafu, chama chetu cha ushirika wa kahawa kilinipa kazi ya uhusiano na mawasiliano. Nilihudhuria mafunzo mafupi mjini, nikiwa mzee kuliko mkufunzi, nikajifunza kuandika taarifa na kujibu wanahabari. Sikutambua kwamba niliajiriwa kwa sababu nyingine: mimi ndiye msomaji wa matangazo baada ya misa. Huku kwetu, tangazo lililosomwa pale halihojiwi.

Jumapili iliyopita nilisoma kwamba mtambo wa kumenya kahawa ungeanza kazi Jumatatu. Sentensi ilikuwa sahihi kisarufi.

Ilikuwa ya uongo.

Meneja wa chama alikuwa ameniambia kipuri cha kuutengenezea mtambo kiko njiani. Kutoka kwangu hadi kwenye mtambo ni mwendo wa dakika kumi, nami sikwenda kutazama. Nakiri hapa kile ambacho sijakikiri kwa mtu: sikutaka kujua.

Jumatatu watu walileta kahawa mbivu, wengine wakitoka mbali, hadi kijiji cha Mkumbi, kwa pikipiki na vichwani. Kahawa mbivu haisubiri. Isipomenywa siku ileile, huchacha na kuharibika. Walikaa hadi jioni. Mzee mmoja aliniita mbele ya foleni nzima: "Mwalimu, hizi tuzimenye kwa meno? Utuazime na ya kwako, kama bado unayo." Wakacheka. Nami nikacheka, jambo ambalo silisahau.

Jumatano alikuja Mama Otilia, mjane niliyemfundisha darasa la tano. Alitua kikapu barazani. Kahawa ilikuwa imegeuka nyeusi, inanuka kama pombe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Pole."

"Nimekuja kuuliza tu. Nafikiri nilisikia vibaya kanisani. Labda ulisema Jumatatu ya wiki nyingine."

Nilipaswa kumwambia kwamba alisikia vizuri. Nikamwambia nitafuatilia.

Leo nimekwenda kwenye mtambo. Umefunguliwa, mkanda haupo, na kuku wamelala mahali pa kumiminia kahawa. Nimetoka pale moja kwa moja hadi kwa meneja, naye akanikabidhi karatasi hii: mtambo umetengemaa, leteni kahawa Jumatatu.

"Kipuri hakijafika," nikamwambia.

"Kitafika, Mwalimu. Wakienda hata mara moja kwa mnunuzi mwingine, hawarudi. Wewe kazi yako ni kutuliza watu." Kisha akaongeza, bila kuinua macho, "Na ile barua yako nitaitia sahihi wiki hii."

Barua hiyo inanipendekeza kuwa ofisa mawasiliano wa vyama vya wilaya nzima. Nimeitaka nafasi hiyo kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Nyingine haitakuja.

Nikisoma, nitakuwa mwongo anayejua. Nisiposoma, Jumatatu nitaamka mstaafu asiye na pa kwenda. Nikimwachia mwingine asome, watu wataamini vilevile, kwa sababu wataniona nimekaa pale mbele, kimya. Nimetafuta maneno ya katikati. Matengenezo madogo. Kwa wakati mwafaka. Kazi hii imenifundisha maneno mengi ya namna hiyo.

Mama Otilia hukaa benchi la tatu, upande wa kushoto. Hunitazama midomo ninaposoma, kama alivyofanya wakati wa imla.

Nimeigeuza karatasi ya meneja na kuandika nyuma yake: Mtambo ni mbovu. Jumatatu msilete kahawa. Jumapili iliyopita nilisoma jambo ambalo sikwenda kulitazama. Mliosikia mlisikia vizuri.

Sina hakika na ujasiri wangu. Nimewahi kusimama pale na kusoma nilichopewa.

Kwa hiyo nimechukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, nikaufuta upande wa meneja mstari kwa mstari hadi hakuna neno linaloonekana. Hofu ikinishika kesho, nisiwe na cha kusoma ila changu.