Chupa Namba Saba ya Papa Mwalimu Nzabandora

Ni mwaka mmoja sasa, Papa, tangu ulipotuaga kule Sake, ndani ya kile chumba kimoja tulichopewa na ndugu zako, miwani ikiwa bado puani na chupa zako zimepangwa chini ya kitanda.

Wewe, Mwalimu Jean-Marie Nzabandora, ulifundisha darasa la tano hapa Bihambwe miaka thelathini na minne, halafu ulipostaafu ukakataa kupumzika. Ulifuga nyuki, wakatuuma sisi. Ulifungua radio za majirani, na nyingine zikapona. Ulipiga gitaa lenye nyuzi nne ukasema zinatosha kumsifu Mungu. Jumapili baada ya misa ulikuwa refa, umevaa bottes, viatu vyako vya mpira vya shambani, filimbi ya shule shingoni, na hakuna aliyekubishia kwa sababu nusu ya wachezaji uliwahi kuwapigisha magoti darasani.

Ila ulichokipenda kuliko vyote ni mbegu za maharagi. Kwetu kila mama ana mchanganyiko wake, ya njano, meusi na yenye madoa katika kikapu kimoja, yanapandwa pamoja ili mvua ikiyakataa haya, yale yazae. Wewe ukayatenga aina moja moja kwenye chupa za plastiki, kila chupa na namba yake na jina la aliyekupa. Mama alicheka mpaka akakasirika.

"Mwalimu, maharagi haiko batoto ya masomo. Juu ya nini unaipanga mu mistari?"

"Mama Myriam, ukinipa kikapu, najua iko maharagi. Ukinipa chupa, najua iko ya nani."

Mapigano yalipotufukuza, kila mtu alibeba godoro ao sufuria. Wewe uliacha gitaa, ukaacha na suti ya harusi, ukabeba mfuko wa chupa ishirini na mbili kwa miguu hadi Sake. Tulikukasirikia, Papa, hatukufichi. Tulilala njaa na mbegu ziko chini ya kitanda, nawe ulisema tu: "Ile haiko chakula, batoto. Ile njo shamba yetu."

Sasa mimi Myriam, mtoto wako wa kwanza, ninasema mbele ya watu nilichoshindwa kukuambia ukiwa hai. Siku mdogo wangu Jean-de-Dieu alipokupeleka kwa daktari, mtoto wangu Astrid alikuwa analia njaa tangu asubuhi. Nilifungua chupa namba saba, yale madogo ya njano uliyoachiwa na mama yako mzazi, nikayapika yote. Kisha nikajaza chupa kwa maharagi ya njano ya sokoni na kufunga kifuniko. Mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na minne, mimi nikadhani nitamdanganya! Uliporudi uliinua ile chupa kwenye mwanga, ukaitazama, ukairudisha mahali pake. Ukamuuliza Astrid kama ameshiba. Wiki mbili baadaye ulitutoka, nami sikuwa nimekuambia.

Mwezi wa nane tulirudi Bihambwe, tukakuacha umelala Sake. Hilo bado linatuuma. Mama alitaka kupanda, akaniambia nimsomee daftari lako la mbegu. Kwenye namba saba kulikuwa na maandishi mapya, ya wino mwekundu: "Imeliwa na mujukuu wangu, ni vizuri. Muende kwa Mukandori, Ngungu. Nilimupa kiganja moja siku aliolewa."

Nililia mpaka Mama akaninyang'anya daftari. Ulijua, Papa. Ulijua, na ukiwa mgonjwa vile ukaninyooshea njia ya kutengeneza nilichoharibu, bila kuniaibisha hata mara moja.

Tulikwenda Ngungu, mimi na Jean-de-Dieu, tukizama kwenye matope. Mukandori, mwanafunzi wako wa zamani, hakutuacha tumalize maneno.

"Ile ya Mwalimu? Iko! Alinifundisha kusoma, nitawakatalia maharagi?"

Akatujazia kikopo. Akiba haiozi, wanasema, na wewe akiba yako uliiweka kwa watu.

Chupa nyingine zote Mama alizimimina katika beseni moja, akachanganya, akapanda. Usikasirike, shamba ni lake. Namba saba tuliipanda peke yake, kwa mstari ulionyooka, na mdogo wetu Noëlla akaipalilia kama bustani ya maua. Imekwisha kuzaa misimu miwili.

Jumamosi hii, baada ya misa, tunamaliza kilio nyumbani Bihambwe. Tutapika namba saba, na kila atakayekuja ataondoka na kiganja cha mbegu, aandikwe kwenye daftari lako, ili siku moja mtoto wake akiwa na njaa asiogope kama nilivyoogopa mimi.

Tunaokukumbuka ni mke wako Vestine Mukashema, ambaye hadi leo anatenga sahani yako kwa kusahau. Sisi watoto wako Myriam, Jean-de-Dieu na Noëlla. Wajukuu wako Astrid na Trésor. Pamoja na wote uliowapigia filimbi, darasani na uwanjani.

Nisamehe, Papa, ingawa najua ulikwisha kunisamehe. Daima tutakukumbuka. Chupa yako imejaa tena, na safari hii ni yenyewe.