Chingamu ya Uongo

Jumatatu, 3 Machi

Mteja niliyekuwa namsuka kaniomba chingamu. Eti nimgawie na yeye, natafuna kwa raha sana. Sikuwa na kitu kinywani! Nikainua macho kwenye kioo cha saluni. Kweli – midomo inacheza, ulimi unazunguka shavuni. Nikiubana unatulia, nikijisahau unaanza tena. Kitana kikanidondoka kwa woga.

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua chingamu ya kweli. Sasa nina kisingizio. Bosi kanicheka, eti hata mbuzi hupumzika. Nikacheka naye.

Ijumaa, 7 Machi

Dada kanipeleka kliniki. Kamwambia nesi kwamba nikilala mdomo unatulia kabisa, nikiamka tu unaanza. Nesi anasema huenda ni dawa yangu ya kichwa, nimeitumia miaka mingi. Nisiiache mwenyewe. Daktari yupo Alhamisi, ataangalia la kufanya.

Dawa hiyo ndiyo iliyomnyamazisha yule mwanamume wa ukutani, niliyekuwa namsikia mimi peke yangu. Alikuwa akiniita "kitinda mimba" kutwa kucha, na kunituma mambo. Naogopa arudi. Naogopa na kufukuzwa kazi. Nani atakalia kiti cha msusi anayetafuna hewa?

Jumatatu, 10 Machi

Nimeacha vidonge. Tangu juzi navibana chini ya ulimi, dada akigeuka natema. Nataka mdomo utulie kabla bosi hajashtuka.

Haujatulia. Umezidi! Na vidole navyo vimeanza kuchezacheza.

Jumatano, 12 Machi

Bosi kanisogezea ndoo ya taka mbele ya wateja. "Tema. Hapa si zizini." Nikafungua kinywa. Hamna kitu – ulimi tu, unajizungusha. Akanitoa mkasi mkononi, taratibu. "Nenda kakae nyuma, mwanangu." Hajawahi kuniita mwanangu. Nimeogopa zaidi kuliko kama angenifokea.

Nikakaa nyuma nakunja taulo. Mtu akaita, "Kitinda mimba." Nikatoka kumuuliza bosi kama kaniita. Hapana, hakuna aliyeniita. Nikachukua mkoba, nikaja nyumbani mbio.

Kesho ndiyo Alhamisi. Dada kasimama mlangoni, kashika glasi ya maji na kidonge. Ananiuliza, mdogo wangu, vidonge vya siku zote hizi ulivimeza kweli? Naandika ili nisimtazame.

Huyu wa ukutani ananiambia nijibu ndiyo.