Nina Shingo, Niambie Nigeuke

Keza mjukuu wangu,

Hapa Gisozi sote wazima, na mama yako amepona mafua. Unauliza kama bega litakulazimisha kuacha kazi ya kusafisha meno. Langu pia liliniuma miaka mingi nilipokuwa nikifanya kazi hiyo hiyo. Niliona ni kukosa adabu kumwambia mtu mzima ageuze kichwa, basi nikawa najikunja mimi. Siku moja kule Kicukiro mzee mmoja akautoa mkono wangu mdomoni mwake. "Binti, mbona unajipinda hivyo? Nina shingo, niambie nigeuke."

Tangu hapo nikawa nawaomba wote. Kabla mvua hazijaisha niliweza tena kumsuka mama yako nywele.

Waombe, Keza. Mimi hakuna hata mmoja aliyenikasirikia.

Bibi yako