Walinipigia Makofi, Bajeti Ikapita

Jumapili, Ifakara. Mvua imekatika tangu mchana lakini hewa bado nzito.

Leo nimehudhuria mkutano wa mtaa kwa mara ya kwanza tangu nitimize miaka kumi na minane. Tuliitwa kuchagua miradi ya kupeleka halmashauri kwa bajeti ijayo. Mimi nilitaka mmoja tu: kalavati kwenye mfereji wa njia ya shule ya msingi. Mvua zikikolea, mdogo wangu Neema huvushwa mgongoni. Wiki iliyopita aliyembeba aliteleza, wakazama wote wawili hadi shingoni.

Bibi anasema zamani mikutano hii ilijaa, watu wakibishana mpaka jua linazama. Kisha miradi waliyoomba haikuja, wakaanza kubaki mashambani. Siku hizi mwenyekiti anasoma mapendekezo, wachache waliopo wanapiga makofi, basi, yamepita.

Leo pia alisoma. Ukarabati wa ofisi, uzio wa soko, taa za barabarani.

Kalavati halikuwemo.

Nikanyoosha mkono.

"Binti, unaomba ruhusa ya kutoka? Hapa si darasani," akasema mwenyekiti. Watu wakacheka.

Niliwaamkia, nikaeleza habari za mfereji na za Neema. Sauti ilitetemeka lakini nilimaliza. Wakanipigia makofi mengi.

"Ahsanteni, mapendekezo yamepita," akasema mwenyekiti, akafunga faili.

Walikuwa wananipongeza mimi. Yeye akayahesabu makofi hayo kuwa ya mapendekezo yake.

Nilikaa chini. Maneno yote yaliniishia, na hilo linaniuma mpaka sasa. Aliyesimama ni jirani yetu Mama Zawadi, muuza samaki.

"Mwenyekiti, tumempigia mtoto. Ya kwako bado."

"Mama Zawadi, muda umekwisha."

"Umekwisha wa nani? Mimi samaki wangu nimeshauza."

Waliokwisha kushika baiskeli wakarudi. Tukapiga kura ya mikono, mradi mmoja mmoja. Uzio wa soko ukaongoza, kalavati likafuata, ofisi ikawa ya mwisho.

Nilitaka kufurahi. Lakini mtendaji wa mtaa akasema kwa kawaida kila mtaa hupata mradi mmoja, na wa kututetea kwenye kikao cha halmashauri ni diwani, ambaye leo hakuja.

Kesho nitamvusha Neema mwenyewe, kisha nipite nyumbani kwa diwani kuliombea kalavati, kabla ya vipindi vya shule. Mama Zawadi atakuwa mnadani kununua samaki. Nikifunguliwa mlango, sauti itatoka?